Treni ya Vizibo vya Bia

Kwa miaka kumi na minne baba mkwe wangu alizungumza nami kupitia kwa mke wangu, hata tukiwa tumekaa watatu kwenye sinia moja. "Mwambie mumeo asogeze chumvi." Chumvi iko mbele yangu, masikio yangu mazima, lakini nasubiri mke aniambie ndipo niisogeze. Salamu tu ndiyo aliyonijibu mwenyewe, kwa sababu kuitikia salamu ni wajibu, na mzee hakutaka kwenda motoni kwa ajili yangu.

Kosa langu lilikuwa kumuoa binti yake. Mzee alifanya kazi maisha yake yote stesheni ya Kigoma, akiunganisha mabehewa, na alikuwa ameshamchagulia binti yake mchumba, mtu wa reli. Binti akamchagua fundi wa redio za magari wa Bujumbura, mji usio na hata hatua moja ya reli. Kwa mzee, nchi isiyo na treni ni kama nyumba isiyo na choo: watu wanaishi, lakini usiulize vipi.

Mwaka jana akaja kwetu Bujumbura, mtaa wa Kanyosha, kutibiwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na daktari akamwambia asubiri zamu yake. Akasubiri wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini utampaje jembe mtu asiyeona, tena baba mkwe? Alikaa kwenye kochi langu, kofia kichwani, akimuuliza mke wangu mumewe anafanya nini nyumbani saa nne asubuhi.

Swali zuri. Mafuta yalikuwa yamekosekana mjini, magari yamelala kwenye foleni, na mtu ambaye gari lake halitembei hana haja ya redio. Nikawa nashinda nyumbani mimi na yeye, kila mmoja akisikiliza mwenzake anavyokohoa. Ndipo nikaamua kumtengenezea treni. Sitadanganya kwamba nilifanya kwa upendo. Nilitaka aniambie neno, moja tu, kwa mdomo wake, kabla macho hayajapona akarudi kwao.

Reli nilizitengeneza kwa spoku za baiskeli, na mataruma ya chini yake kwa mbao za makasha ya nyanya. Vyote nikavigongomea kwenye ubao mmoja juu ya meza ya kulia, njia moja ya kuzunguka yenye kona nne. Mabehewa matatu yalikuwa makopo ya sadini. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la maziwa lenye mota ya redio kaseti na betri ya simu. Ndoano za kuunganishia nilizikunja kutoka kwenye vibanio vya nywele vya mke wangu, ambaye mpaka leo anadhani vilipotea.

Magurudumu ndiyo yaliyonipa shida. Kizibo cha chupa kinafaa sana, ila mtaani kwetu vizibo vinapatikana kwa wingi mlangoni pa baa tu, na huko ndiko nilikoinama kuokota, mchana kweupe, nikitoka kuswali adhuhuri. Vyote vya bia. Nikavifunga maandishi yakitazama ndani, chini ya behewa, na upande wa wazi ukitazama nje. Kweli mzee haoni, lakini zamu ya daktari ingefika, na sikutaka kitu cha kwanza atakachosoma akifunguliwa macho kiwe jina la bia. Isitoshe, vilipendeza. Vilifanana na rimu za gari.

Siku ya uzinduzi alikuja jirani yetu, mfanyakazi wa serikali, moja kwa moja kutoka misa ya Jumapili. Akaizunguka meza, mikono nyuma.

"Mais, volani iko wapi?" akauliza kwa Kifaransa chake cha ofisini, akizungusha usukani hewani.

"Apana, treni aiko na volani."

"Sasa itakata kona namna gani?"

"Inafuataka reli. We angalia tu."

Nikawasha. Kwenye kochi mzee aliinua kidevu. Treni ikaenda vizuri kabisa mpaka kona ya kwanza, ikaruka, ikaanguka sakafuni na makopo yake yote.

"Si mi nilikuambia?" jirani akasema. "Volani!"

Nikairudisha, ikaanguka. Nikapunguza kasi, ikaanguka polepole.

"Mwambie mumeo treni yake imeanguka," mzee akamwambia mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mwambie baba yako nimeona," nikasema.

Wiki nzima niliipindapinda ile reli, nikimlaani jirani, spoku na Kigoma. Nilikuwa nimekasirika kweli, na zaidi nilikuwa na huzuni, maana nilikuwa nimempa mzee sababu ya kuninyamazia miaka mingine kumi na minne.

Asubuhi moja, mke akiwa jikoni, mzee aliinuka kwenye kochi, akapapasa mpaka mezani. Akashika behewa, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye gurudumu.

"Mjinga gani amefunga haya?"

Sebuleni tulikuwa wawili tu.

"Ni mimi, mzee."

"Huu ukingo wenye meno umeuweka nje ya reli. Unakaa ndani! Ndio unaoishikilia treni kwenye kona. Wewe umefunga kama tairi la gari, punda wewe."

Punda wewe! Nilifurahi kuliko siku ya harusi, ambayo hakuniambia kitu.

"Yageuze," akasema.

Nikasitasita. "Yakigeuka, mzee, maandishi yatatokea nje. Ni vizibo vya bia."

Akaliweka behewa mezani. Niliiona miaka kumi na minne ikirudi kwa miguu. Kisha akacheka mpaka kofia ikakaa upande. "Mikono hii imeunganisha mabehewa mazima ya bia, na swala sijakosa. Yageuze."

Tukakaa mezani bega kwa bega. Mimi nachomoa, yeye anapima kwa kidole, ananitukana, ananirudishia. Karibu na adhuhuri nikawasha. Treni ikafika kona ya kwanza, ikapita. Ikapita ya pili. Mzee aliifuata kwa sikio, kichwa kikizunguka nayo, mpaka behewa la mwisho likaanza kuyumba, akalidaka.

"Hili ekseli yake imepinda. Lete koleo."

Mke wangu akatokea mlangoni na sinia la wali. "Chakula tayari. Ondoeni hizo takataka mezani."

Alikuwa hatua tatu kutoka kwa baba yake. Mzee hakuinua kichwa.

"Mwambie mkeo asubiri," akaniambia.

Nikamwambia.