Nimeitika "Labeka" Dukani

Leo nimeaibika dukani. Mnaotaka kucheka, chekeni.

Nilikwenda kutafuta hedifoni za bei nafuu. Za kwanza nilizojaribu, sauti ilinibana kama nimefungiwa kabatini.

Muuzaji akanipa nyengine. Nikaweka, kwenye simu, sauti za harusi ya dada yangu pale Kibokoni, miaka ya sitini.

Baba aliirekodi kwa tepu akiwa barazani na wanaume. Wanawake walikuwa ndani, basi miaka yote nimesikia vigelegele vya mbali tu.

Leo nimesikia nyumba nzima. Na kule nyuma, jikoni, marehemu mama ananiita: "Zuhura."

Nikaitika kwa sauti, "Labeka, mama."

Duka zima likageuka.

Muuzaji akauliza taratibu, "Nikufungie hizi, bibi?"

"Ngoja kwanza, mwanangu. Hajaniambia alichoniitia."