Kosa la Tembe la Ikungi

Juzi, barazani Ikungi, karani alimwamuru bibi mmoja abomoe tembe lake, nyumba ya udongo iliyobaki kuta tupu baada ya mvua. "Linaaibisha barabara, na Bwana DC anapita kesho!"

Kwenye foleni alikohoa askari aliyerudi kutoka vitani. "Kule Libya tulipita kwa lori mji baada ya mji wa pwani. Kuna magofu ya Wagiriki wa kale, paa hakuna, nguzo zimelala chini. Wazungu wanayavulia kofia. Ukiiba jiwe, unafungwa."

Bibi alikaza kaniki yake. "Yalianguka lini, mwanangu?"

"Zamani sana, bibi."

Akamgeukia karani. "Basi kosa la tembe langu ni kuanguka majuzi. Liacheni lizeeke."

Karani alirudisha kalamu sikioni. Jana Bwana DC alipita, na tembe bado lipo. Sikuona kama alivua kofia. Mimi nilivua.