Alasiri Mwakilishi Alipobisha Haltom City

Wiki iliyopita nilimwona kwenye televisheni, nywele zimekuwa nyeupe, akiwaaga wenzake katika bunge la Texas. Nikakumbuka alasiri aliyobisha mlango wetu mjini Haltom City, nikiwa bado mtoto.

Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Nyumba ilinuka maharage na jasho, na mdogo wangu mchanga alikuwa akilia tangu asubuhi. Mama hakujua Kiingereza, hivyo mimi ndiye niliyetafsiri. Mgeni alisema yeye ni mwakilishi wetu. Nilidhani mwakilishi ni mtu anayetumwa na mwenye nyumba.

"Mama, ni fundi," nikasema.

"Mwambie aingie, mtoto anakufa na joto!"

Nikamwonyesha kiyoyozi. Hakucheka. Aliweka karatasi zake za kampeni mezani, akaomba namba ya mwenye nyumba, akapiga simu palepale huku amempakata mdogo wangu. Fundi wa kweli alifika kabla ya jua kuzama.

Sasa najua kazi yake ilikuwa kutunga sheria, na kwamba mswada wake wa kuwalinda wapangaji ulikataliwa mara kadhaa. Juzi nilikiri kwa Mama kosa langu la kutafsiri.

"Nilijua tangu mlangoni, mwanangu," akasema. "Fundi gani huja bila hata bisibisi? Nilitaka tu mtu aingie aone."