Alama za Mikono ya Bibi Ukutani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusugua ukuta. Naanza nalo kwa sababu kila nikisimulia jinsi Bibi yangu alivyovunjika nyonga, watu hunipa pole na kunisifu kwamba nimemuuguza vizuri, nami hunyamaza. Leo nasema. Bibi ameniruhusu niandike yote, isipokuwa umri wake.

Tunaishi Mbagala, mie na yeye. Alikuja kutoka Newala zamani, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Huniita mume wangu, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, na chai ikichelewa hudai talaka. Alipopatwa na presha nilijifundisha kumtunza kwa video za kwenye simu. Nilikuwa na kipimo, na daftari nililolichora mistari kwa rula. Nikikosea tarakimu moja, nilichana ukurasa na kuuandika upya wote. Kila asubuhi nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza ameamkaje, akasema hajambo. Nami nikaandika: hajambo.

Siku chache kabla ya Idi nilipaka nyumba rangi. Kwenye korido ya kwenda choo cha uani kulikuwa na mstari mweusi ukutani, unang'aa mafuta ya nazi, usawa wa kiuno changu. Ulikuwa unanikera muda mrefu. Niliusugua kwa sabuni na brashi mpaka ukatoka, nikapaka nyeupe juu yake. Video moja ilisema njia ya mzee isiwe na vitu, basi nikaondoa pipa la maji, kinu na kiti cha mbao. Bibi alisimama mlangoni akasema, "Mume wangu, hapa pamekuwa kama uwanja wa mpira." Nilidhani ananisifu.

Siku ya tatu baada ya kupaka rangi, saa nne asubuhi, nikiwa nafua uani, nilisikia kishindo. Nilimkuta amelala ubavu katikati ya korido. Mguu wa kushoto ulikuwa umegeukia nje, na ulionekana mfupi kuliko mwenzake. Alikuwa amejikojolea. Aliniomba kwanza nimfunike kanga, ndipo niite watu.

Hospitali walimpiga picha, kisha wakamfanyia operesheni. Daktari alitueleza bila kuficha kwamba wazee wengi wanaovunjika nyonga hawarudi kutembea kama zamani. Bibi aliuliza jambo moja tu: kama ataweza tena kwenda chooni mwenyewe. Daktari alisema tutajaribu. Kuanzia siku ile Bibi aliacha kuniita mume wangu. Aliniita Selemani, jina langu, kama mtu wa ofisini.

Kwenye wodi kulikuwa na nesi mmoja, mama wa makamo. Nilimpelekea daftari langu, nikitaka aone sikuwa mzembe. Alilifungua polepole, akalifunga. Kisha akamnyooshea Bibi kikombe cha maji bila kusema neno. Mkono wa Bibi ulipita pembeni, ukapapasa hewani, ndipo ukakipata.

"Bibi, unaniona?"

"Nakuona vizuri."

"Nimevaa nini kichwani?"

Bibi akafikiri. "Kofia."

Nesi hakuwa amevaa chochote kichwani. Tulipotoka nje ya wodi aliniambia presha nimeiandika vizuri, lakini anataka kujua Bibi alikuwa anatembeaje nyumbani, na alikuwa anashika wapi. Nilifungua mdomo kusema hashiki popote. Ndipo nikaukumbuka ule mstari ukutani, na pipa, na kinu, na kiti. Nililia palepale kwenye benchi.

"Mwanangu," alisema nesi, "mzee ukimsalimia atakujibu hajambo hata akiwa anakufa. Ni adabu yake. Wewe mwangalie anavyoinuka."

Walipompima, wakakuta ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilimkiria Bibi nilichofanya. Alisema alijua. Aliogopa nikijua haoni vizuri nitamzuia kutoka mlangoni, na tena, akasema, nilikuwa nimeifurahia ile rangi yangu mno.

Tuliporudi nyumbani mambo yalizidi kuwa magumu. Alikaa kimya kuhusu maumivu ya mgongo, nami nilikuwa naona haya kumgeuza vizuri. Siku nilipothubutu kufungua kanga nilikuta ngozi ya juu ya tako imechubuka, inatoa maji, na inanuka. Yule nesi alikuja nyumbani akanielekeza kumgeuza kila baada ya saa mbili, na kupima kwa mkono, kwa sababu kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha: gusa uone kama pana joto au pamekuwa pagumu. Jirani yetu Mama Zuhura alimwogesha, mie nikasafisha kidonda. Kilichukua wiki nyingi kufunga.

Kisha tukaanza kusimama, na fremu ya chuma ya kutembelea. Hatua mbili, kurudi kitandani. Hatua tano, kufika mlangoni. Kwenye korido niliona mkono wake wa kulia wenyewe unaiacha fremu na kuutafuta ukuta. Nilichora chaki pale ulipogusa, na fundi akafunga bomba la kushikilia palepale, mpaka mlango wa choo. Kinu na pipa nikavirudisha. Alipopata nguvu alifanyiwa operesheni ya macho, jicho moja kwanza.

Asubuhi moja alinikataza kumfuata. Nilibaki kwenye mlango wa chumba, nikihesabu hatua zake kwa masikio. Mlango wa choo ulifungwa. Kimya kikawa kirefu, nikaanza kutoka mbio.

"Nimefika, mume wangu," alisema kutoka ndani. "Sasa nenda kapike chai."

Nawashukuru yule nesi na Mama Zuhura. Namshukuru Mungu, na namshukuru Bibi kwa kuniacha nijifunze kwenye mwili wake. Wewe unayemtunza mzee, kabla hujapanga chochote nyumbani, kaa kwenye kiti siku nzima umtazame mikono yake inakwenda wapi. Na kama umeshakosea, kama mie, mwambie. Huenda anajua tayari.

Siku hizi siandiki hajambo kabla sijamwona akiinuka na kutembea. Juu ya bomba, ukuta umeanza kuwa mweusi tena. Siufuti.