Mkono wa Gari la Punda

Juzi, hapa Maskati, nilipotoka kazini Rusayl nilipita mtaa wa Ghubra, kwenye kichochoro chetu cha zamani. Pale ilipokuwa nyumba ya bibi pana gorofa jipya, na mlangoni mtu kaweka bakuli la maji ya paka. Bakuli la plastiki tu. Nikasimama kama niliyeitwa kwa jina langu.

Basi nikuhadithie. Uani kwa bibi kulikuwa na mti mrefu mweusi, umepinda kidogo, laini kama kipande cha sabuni. Ulikuwa mkono wa gari la punda. Gari hizo zina miti miwili mbele, punda husimama katikati yake. Huu mmoja ulikuja na babu kutoka Unguja. Bibi aliinulia kamba ya nguo ili shuka zisiguse chini, na kamba ikiwa tupu sisi wajukuu tuliupanda tukaenda mbio mpaka mwisho wa dunia. Bibi yuko kwenye vitumbua vyake, hiliki inanukia ua mzima, na esi, ile mashine ya baridi ya chumbani, inadondosha maji kwenye beseni la bati: ti, ti, ti. Paka wake wa kijivu alikunywa hapo.

Jirani yake, naye wa Unguja, hakuchoka kumchokoza. "Watu wamekuja na dhahabu, nyie mmekuja na mti!"

"Haya, anika nguo kwenye dhahabu yako tuone!" Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Lakini jirani akishaondoka, bibi huutazama ule mti. Siku moja akanieleza. Huko Unguja babu alikuwa akichukulia watu mizigo kwa gari lake. Siku ya safari ya kuja huku alisema, "Maskati punda tele, mti kama huu hakuna." Akachomoa mkono mmoja, ndio alioweza kubeba. Kufika huku, mizigo inapakiwa kwenye pikapu. Gari hakuunda tena.

"Alipouchomoa," bibi akasema, "punda hakwenda popote. Kasimama pale pale, kama bado kafungwa. Hata maji sikumtilia, mjukuu wangu. Mpaka leo nnamwona."

Akainuka, akamwaga maji ya beseni, akatia mapya. Alifanya hivyo kila alasiri, na mimi siku zote nilidhani ni mapenzi ya paka tu.

Bibi alipofariki, nyumba ikawa ya kuvunjwa, tukahamia gorofani Al Khuwair. Nilikuwa bado mdogo. Pikapu imejaa, baba akasema mti ubaki. Nikalia, nikagaragara mchangani, mpaka akaufunga juu ya magodoro kwa kamba ile ile ya nguo. Ndipo nikauliza, "Na paka je?"

"Gorofani hatokaa, mwanangu. Jirani atamtazama."

Jirani alikuwa kashahamia kwa mwanawe, na mimi nilijua. Mti niliugaragaria. Paka nilimuulizia mara moja tu.

Ijumaa iliyofuata tulirudi kuchukua masufuria yaliyobaki. Umeme umekatwa, esi kimya, beseni kavu. Na paka kakaa ubavuni mwake, anatazama juu, pale maji yalipokuwa yakitokea. Nikammiminia chupa yangu. Akanywa bila kuniangalia. Baba akapiga honi, nikakimbilia garini.

Mti tunao mpaka leo. Uko ukumbini, mama huutundikia mabuibui yake, na wageni huusifu: "Mashaallah, mbao za zamani hizo!" Nami hucheka nao, maana mimi mtu wa kucheka, na bado naota ua wangu mwenyewe, shuka zinapepea, mti umezishikilia. Lakini ua ule haupo tena, wala hiliki ile, wala ti, ti, ti. Na sijapata mgeni hata mmoja aliyeniuliza tuliacha nini ili tuubebe.

Juzi bakuli la plastiki lilikuwa nusu. Nikalijaza. Nikangoja kidogo, esi za watu zinadondosha maji huko juu, hakutokea paka. Kisha nikaondoka, kama kawaida yetu.