Maziwa Hayaoshi Mapafu

Siku yangu ya kwanza kazini, Injinia Mkuu alinipa spana akaniambia nitashughulikia kitu kimoja tu: hewa. Kilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Kitui, na vumbi lilijaa mpaka ukuta wa pili huuoni. Juu ya kila mashine tulifunga kofia ya bati. Kutoka hapo bomba lilienda hadi kwenye feni kubwa ya kunyonya, inayovuta vumbi kabla halijafika puani na kulisukuma nje kwenye mifuko ya kulichuja. Kofia ikikaa mbali na vumbi, ni kazi bure. Nyinyi vijana mnafungua dirisha mnasema mmeweka hewa. Hewa gani hiyo?

Injinia alistaafu, akaja Meneja mpya. Mota ya feni ilipoungua, huyu bwana hakununua nyingine. Alileta maziwa! Kila jioni pakiti moja kwa kila mfanyakazi, ati yanaosha kifua. Nilimsumbua ofisini mwaka mzima, nikimweleza kwamba maziwa huenda tumboni na vumbi huenda kwenye mapafu. Mwishowe mota ikaja. Nikaifunga, feni ikanguruma, tukaonana nyuso.

Wiki hiyo hiyo akakata maziwa. Wenzangu wakaweka zana chini, wakitaka maziwa yao. Aliyewaongoza ni Mama Mutindi, mjane mwenye watoto wanne, aliyekuwa akilisha mashine pamba. Meneja akatuita uwanjani.

"Feni inakula stima," akasema. "Chagueni wenyewe: feni ama maziwa."

Mikono ikainuka kwa maziwa. Nikamwambia Mama Mutindi kwamba anajiua.

"Fundi," akanijibu polepole, "hiyo hewa yako, watoto wangu watainywa?"

Kumbe hakuna aliyekuwa akiyanywa. Yote yalienda nyumbani. Hata yangu, na msinione mjinga kusema hivyo. Nikaenda nikazima swichi ya feni kwa mkono huu.

Sasa nimestaafu, na watu wa kanisa wananiambia mzee hafai kuwa na kinyongo. Ninacho, na sitakiacha. Yule Meneja alijua tuna njaa, akaitumia.

Juzi nilipanda milima ya Mbooni kumwona Mama Mutindi. Kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Nilitaka kumwomba msamaha, akanikatiza. Alitafuta pumzi kwanza.

"Wote wanne ni wazima, Fundi."

Nilitoka nje nikamlaani Meneja kwa sauti, majirani wakisikia.