Vina vya Bwana Lim

Siku moja kabla ya mapinduzi ya Unguja, baba alikuwa uani kwetu akitaniana kwa mashairi na Bwana Lim, jirani yetu Mchina aliyekausha majongoo ya bahari. Bwana Lim alituambia kuwa kwao pia msafiri hutunga akiwa ugenini, na rafiki humjibu kwa vina vilevile. Baba alifurahi, kumbe desturi yetu ni moja. Akatamba kwamba hajazaliwa wa kumshinda kujibu.

Kesho yake mtaa ulijaa mapanga na bunduki.

Bwana Lim alituficha ghalani kwake.

Wenye mapanga walipomuuliza tuko wapi, alisema hajui. Walimpiga pale pale mlangoni. Baba alikuwa ndani, ameshika komeo. Hakulifungua.

Angetoka, tungekufa sote. Nalijua hilo, na bado naona haya.

Maskati tulifika na nguo za mwilini tu. Unguja tulifukuzwa kwa kuwa Waarabu. Huku walikicheka Kiarabu chetu, nasi tukajifunza kunyamaza barazani. Baba alitunga kwa Kiswahili, akawasomea wenzetu waliokimbia kama sisi. Alitunga juu ya mvua, karafuu, na mitaa yetu. Juu ya ule mlango hakutunga hata mshororo.

Miaka ikapita, akaja Bi Zuwena, binamu yake mama, kutoka Unguja. Barua zilikuwa zikifunguliwa njiani, kwa hiyo shairi ambalo Bwana Lim alimtungia baba alikuwa amelihifadhi kichwani. Alilisoma mbele ya wageni waliokuwa wakinywa kahawa. Nakumbuka mshororo mmoja:

Uani nnafagia, mlango sijaufunga.

Wote wakamgeukia baba, wakisubiri jibu. Niliinamisha uso nisimwone.

"Mwambie nnatafuta vina," alisema mwishowe.

Bi Zuwena alingoja wageni waondoke.

"Kanambia, usipojibu, nikwambie kuwa siku ile hakuumia sana."

Baba akamuuliza anatembeaje.

Bi Zuwena alikizungusha kikombe chake kitupu. "Anafagia kakaa," alisema.

Baba hakutunga tena. Bwana Lim alitangulia kufa, naye akafuata. Sisi wanawe tuna nyumba Ruwi, hapa Maskati, na vyeo serikalini, Kiarabu chetu hakichekwi na mtu, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kulijibu lile shairi.